Yai la Taarifa ya Habari

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilirudi kutoka India na diploma ya ufundi wa majokofu, na sioni haya kusema kwamba katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaa wa Umoja, Nairobi, sikuwa na mwenzangu. Kulikuwa na makarani, madereva, mwalimu wa nasari na mchonga vinyago mmoja, watu wazuri wote, lakini diploma ya ng'ambo ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa yangu. Nauli ya kwenda niliitafuta mwenyewe kwa kutengeneza redio na pasi za watu tangu nikiwa sekondari. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nayataja haya mapema kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji anidharau, nami napenda mtu akinidharau awe kwanza ananijua.

Nilipanga chumba kimoja, cha mwisho karibu na bomba. Ndani nilikuwa na kitanda, viti viwili, meza, redio, na friji iliyokishinda kitanda kwa ukubwa. Friji hiyo niliinunua ikiwa imekufa nikaifufua kwa mikono yangu. Kwa kuwa sikuwa na chakula cha kuweka humo, niliweka chupa za maji, dawa ya viatu na, wakati wa joto, shati la kuvaa kesho. Diploma niliitia kwenye fremu nikaitundika mahali ambapo mgeni akiketi ataiona hata kama hataki. Mkononi nilivaa saa ya kidijitali niliyoinunua Bombay. Ilikuwa na taa, kengele, kipima muda kilichohesabu hadi sehemu ya mia ya sekunde, na ilionyesha saa za miji miwili. Mtu akiniuliza saa nilimpa ya Nairobi na ya Bombay, achague.

Sufuria sikuwa nayo.

Jambo hilo lina maelezo yake. Kwetu, upande wa magharibi, mvulana aliyepita umri wa miaka saba akionekana karibu na mafiga aliulizwa kama anangoja kuolewa. Mama alitufukuza jikoni kwa mwiko, na dada zangu walitupakulia. India nilikaa hosteli, na hosteli ina mesi. Kengele ililia, ukachukua sahani, ukala dengu. Wenye mesi hawakula nyama wala mayai, kwa hiyo kwa miaka mitatu sikuliona yai ila kwenye kitabu, katika sura ya vyumba vya baridi, ambako niliweza kukwambia yai lihifadhiwe katika nyuzi ngapi na kwa wiki ngapi. Niliporudi Nairobi nikawa mteja wa mama mmoja mwenye kibanda nyuma ya soko, chapati madondo asubuhi, ugali matumbo jioni. Sikujiona nimepungukiwa na chochote. Nilisomea baridi, moto waliusomea wengine.

Basi nikaitwa hospitali moja ya uzazi kutengeneza jokofu la chanjo. Nesi wa zamu alisimama karibu yangu muda wote, si kwa sababu yangu bali kwa sababu ya chanjo, akiniuliza kila baada ya dakika kumi kama nimemaliza. Nilipomaliza nilimweleza kasoro ilikuwa wapi, kisha nikamweleza nilikosomea, kisha jinsi nilivyopata nauli. Alisikiliza kwa subira ya watu waliozoea wagonjwa. Mwishowe akauliza swali moja tu, huko India nilikuwa napikiwa na nani.

Nilimwambia nilijipikia. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lakini likishatoka mtu hawezi kuliacha peke yake, kwa hiyo nikaongeza biriani, maharagwe ya nazi na mayai ya namna zote. Akanitazama upya, kuanzia viatu kwenda juu. Huo uongo ndio ulionipatia mchumba, na kwa miezi minane niliulisha vizuri. Kila alipokuja Umoja nilikuwa na sababu: mafuta taa yameisha madukani, nimetoka kazini nimechoka, hebu leo nikupeleke tukale nyama. Hakuwahi kuuliza kwa nini nyumba ya mpishi haina hata sufuria.

Nilimwambia nataka kupeleka wazee kwao. Tulikuwa tumekaa kwenye ukuta mfupi nje ya nyumba ya shangazi yake, mtaa wa Donholm, jua likiwa limeanza kupungua makali. Akanisimulia jambo. Alipokuwa na miaka minane, kwao Ukambani, mama yake alipelekwa hospitali ya mbali kujifungua. Baba yake, dereva wa ofisi moja hapa mjini, alikuwa nyumbani kwa likizo, na watoto watatu wakabaki naye. Unga ulikuwepo, kuni zilikuwepo, hata mayai yalikuwepo, maana kuku walikuwa wanataga. Baba alikaa nje ya jiko siku tatu akingoja mwanamke yeyote apite awapikie. Watoto walikula mapera mabichi. Siku ya tatu shangazi alifika na kumkuta kitindamimba amelala kivulini, hana hata nguvu ya kulia. Alimnywesha uji, akapona, lakini shangazi aliwachukua wote watatu, na hawakurudi tena kukaa kwao.

"Baba si mtu mbaya," alisema. "Alilia kuliko sisi. Hakujua tu aanzie wapi."

Nilisema pole. Nilitaka pia kusema jambo kuhusu wanaume wa kisasa, lakini aliinua mkono.

"Mimi nafanya kazi usiku. Nikija asubuhi nalala kama maiti. Sitafuti mpishi, unasikia? Natafuta mtu ambaye nikilala, watoto wangu hawatakufa njaa wakimwangalia. Biriani yako iache. Nichemshie yai. Yai na chai, basi. Jumapili nitatoka zamu, nipite kanisani, nije kwako. Jioni nitampa shangazi jibu."

Ikumbukwe kwamba kwa huyo shangazi nilikuwa nimekwisha kupeleka nakala ya diploma yangu, yenye muhuri wa wakili. Niliambiwa aliigeuza mbele na nyuma, akaisifu karatasi, kisha akamuuliza mpwa wake, "Sasa hii, ukitoka zamu, utaila na nini?"

Zilibaki siku sita.

Jumatatu nilinunua stovu ya mafuta taa, sufuria mbili na mayai matatu, vyote ndani ya mfuko wa karatasi ili ploti isijue. Ploti ilijua kabla sijafika mlangoni. Akina mama waliokuwa bombani waliacha kusuuza. Mmoja, mke wa dereva, akasema kwa upole mwingi, "Bwana Diploma, hiyo ni sufuria ama ni spea ya friji?"

Niliingia nikafunga mlango, na hilo lilikuwa kosa la kwanza, kwa sababu tambi za stovu mpya zilitoa moshi mweusi kama lori la mchanga. Mayai nilikuwa nimeyaweka kwenye friji, mahali pake kitaalamu. Maji yalipotokota niliyatoa, baridi kali, nikayatumbukiza. Yakapasuka yote matatu kwa mpigo, ute ukaelea juu ya maji kama kamba za viatu. Nataka ieleweke kwamba habari ya kitu baridi kukutana na kitu moto ghafla kikapasuka niliijua kuliko mtu yeyote Umoja. Nilikuwa nimeiandikia kurasa nne kwenye mtihani na kupata alama za juu. Lakini katika mtihani hapakuwa na yai. Nilifungua mlango moshi utoke, nami nikatoka nao nikikohoa. Bombani akina mama walikuwa wameziba midomo kwa kanga.

Aliyeniokoa ni mzee wa chumba cha nne, mstaafu wa reli, mjane, mtu wa magharibi kama mimi. Enzi za injini za mvuke alikuwa mtia makaa, na kwa kuwa safari za mizigo zilichukua siku mbili na hapakuwa na mwanamke kwenye injini, mtia makaa ndiye aliyempikia dereva. Mzee huyu alipika ugali ambao akina mama wa ploti waliutazama kwa heshima. Alinisogelea, akachungulia sufuria yangu, akazima stovu kwa vidole, akaniambia nije kwake kesho jioni saa moja kasoro robo, nije na mayai, na yasiwe yametoka kwenye kabati langu la barafu.

Nilienda. Nilipangusa miguu mlangoni kama mwanafunzi, na kwa mara ya kwanza tangu India nikafundishwa. Akanionyesha kukata tambi zikawa sawa, kuwasha na kungoja moto ugeuke samawati, kuweka maji yafunike mayai kwa unene wa kidole. Yote aliyasema kwa maneno machache, kwa lugha ya watu waliozoea kusemeshana juu ya kelele za injini. Halafu nikauliza swali la kitaalamu, yai lichemke kwa muda gani.

Mzee alieleza kwamba zamani hilo halikuwa swali. Saa ilikuwa mali ya dereva, haikuguswa. Yeye aliweka mayai kwenye mkebe karibu na tanuri gari likiondoka stesheni moja, na kuyatoa likiingia stesheni ya pili, na alijua ni stesheni zipi zinazotoa yai la uji na zipi zinazotoa yai gumu. Alipostaafu stesheni zikaisha. Alihangaika mwezi mzima, akala mayai mabichi na mayai ya mpira, mpaka alipogundua redio.

"Kijana," alisema, "taarifa ya habari ya saa moja ni gari la moshi. Ina stesheni zake. Muziki ukipigwa, maji yawe yanatokota. Msomaji akitaja jina lake, weka yai. Watakuja na habari za mkubwa wa nchi, halafu mawaziri, halafu ajali. Wakisema 'na sasa habari za nje,' toa. Usingoje wafike ng'ambo. Toa hapo hapo."

Tukafanya hivyo. Muziki ukapigwa, nikatazama saa yangu nikamwambia mzee kwamba redio iko sawasawa hadi sekunde, na kwamba saa ya Bombay haikosei. Akaitikia kwa kichwa. Msomaji akajitaja, nikaweka mayai mawili. Mkubwa wa nchi akapokea mabalozi, waziri mmoja akaonya na mwingine akakariri, basi likaanguka mahali, na habari za nje zilipotajwa nikatoa. Tukayatia kwenye maji baridi, tukamenya. Ute mweupe umeshikana, kiini kimekauka bila kuwa na ukungu wa kijani. Nimepokea vyeti vingi maishani, lakini sikumbuki kimoja nilichokishika kwa uangalifu hivyo.

Jumatano nikarudia chumbani kwangu, na redio yangu mwenyewe. Sawa. Alhamisi sawa. Ijumaa nikapika mlango ukiwa wazi, ili wanaohusika waone. Kazini niliwaeleza mafundi wenzangu kwamba kupika ni jambo dogo sana kwa mtu mwenye utaratibu, na kwamba wake zao wanawatisha bure. Jumamosi nikapika mawili ya ziada, nikampa mke wa dereva moja kwenye sahani, na chumvi pembeni. Alilila lote amesimama, akatafuta kasoro, akakosa. Akasema tu, "Haya, Diploma. Ya leo nimekupea."

Kwa hiyo msomaji atanielewa nikisema kwamba Jumapili niliamka nimetulia. Nilikuwa nimemwambia nesi wangu afike saa saba kasoro kidogo. Taarifa ya saa moja jioni ingetuchelewesha, naye alitakiwa kurudi kwa shangazi kabla ya giza, kwa hiyo nikachagua ile ya saa saba mchana. Msomaji yule yule, muziki ule ule. Mzee sikumuuliza, kwa kuwa Jumapili huondoka alfajiri na kanzu nyeupe kwenda kwenye kanisa lao la ngoma, na harudi hadi jioni. Ndiyo kusema mwalimu wangu hakuwahi kuchemsha yai mchana wa Jumapili hata siku moja. Mimi sikulijua hilo, na wala hakuwa na sababu ya kuniambia.

Alifika na sare yake ya kazi ndani ya mfuko, macho mekundu kwa usingizi. Nilimkalisha kwenye kiti kinachotazamana na diploma. Chai nilikuwa nimekwisha kuipika, nayo akaionja, akasema ina sukari ya watu wawili, lakini akaendelea kuinywa. Maji yalikuwa yanatokota. Mayai matatu yalikuwa mezani, hayakukaribia friji, na matatu mengine ya akiba nilikuwa nimeyaacha ndani ya friji. Nikawasha redio.

"Unapika na redio?" akauliza.

Nikamwambia angoje aone. Muziki ukapigwa. Msomaji akajitaja. Nikaweka mayai, nikafunika sufuria, nikaketi kama mtu aliyeketi jikoni miaka yote.

Sasa, siku za kazi mkubwa wa nchi hupokea mabalozi na kufungua viwanda. Jumapili huenda kanisani. Msomaji akaeleza amehudhuria ibada wapi, akataja kwaya, akataja waliofuatana naye, mmoja mmoja na vyeo vyao. Nikangoja mawaziri, lakini mawaziri walikuwa wamekwisha kutajwa miongoni mwa waliofuatana naye. Halafu msomaji akasema tutaletewa sehemu ya nasaha alizotoa baada ya ibada, na sauti ikabadilika, ikawa ya kipaza sauti cha uwanjani, na watu wakapiga makofi.

Tulihimizwa kupendana. Tulihimizwa kuchimba mitaro kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wazazi waliambiwa wawe na nidhamu ili watoto nao wawe nayo. Mfuniko wa sufuria ulikuwa unacheza. Mgeni wangu akautazama, akanitazama.

"Hayo mayai bado?"

"Bado," nilisema. "Tunangoja habari za nje."

Akaendelea na chai yake. Baadaye aliniambia kwamba alidhani huo ni ugonjwa wa watu waliokaa ng'ambo, kwamba hatuwezi kula chakula kabla ya kujua huko nje kunaendeleaje, na kwamba alikuwa ameanza kujiuliza kama anaweza kuishi nao. Mimi nilikuwa na imani. Mfumo uliofanya kazi mara tano haubadilishwi mara ya sita; hiyo ni kanuni ya ufundi. Nasaha zikaendelea. Mfuniko ukaacha kucheza, nikafurahi, nikadhani moto umetulia wenyewe. Makofi yakapigwa tena. Tukarudishwa kwenye mitaro kwa habari za mikoa mingine.

Yai la kwanza lililipuka wakati wa shangwe. Mfuniko ukaruka ukagonga friji. La pili likafuata papo hapo, na kipande cha kiini, kikavu kama chaki na kijani kama sare ya jeshi, kikaenda kukaa kwenye kioo cha diploma. Maji yalikuwa yamekauka zamani, na sufuria ilikuwa nyeusi ndani kuliko nje. Harufu yake siwezi kuiandika. Mlangoni kulishajaa watu, wote wamekuja kuuliza kama tuko salama, na hakuna aliyeonekana kuwa na wasiwasi.

"Bwana Diploma," mke wa dereva akasema, "jana si ulikuwa unachemsha? Nani amekwambia uchome?"

Nesi alisimama, akazima stovu, akawashukuru majirani, akawafungia mlango. Alichukua yai la tatu, lililobaki zima, kwa kitambaa, akalimenya pembeni. Liligonga sahani likaruka. Kisha akaniuliza kwa nini, nami nikajieleza. Nikamweleza mzee wa reli, stesheni, msomaji, mabalozi, na jinsi Jumapili ilivyonisaliti. Aliisikiliza hadithi yote bila kucheka. Halafu akaushika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza juu.

"Na hii ni nini?"

Ilikuwa saa yangu. Ilionyesha saa saba na dakika thelathini na moja Nairobi, na huko Bombay saa kumi na dakika moja, na chini yake kipima muda kilichosimama kwenye sifuri, tangu siku niliyoinunua.

Kwa kuwa la uongo lilikuwa limeisha, likatoka la kweli. Nikamwambia sikujipikia India hata siku moja. Nikamwambia habari ya mesi, na dengu, na mwiko wa mama yangu, na kwamba stovu ile ina siku sita. Nikamwambia kwamba kama ningekuwa ni mimi pale nje ya jiko la kwao, na kuni na unga na mayai, ningekaa pale pale baba yake alipokaa, ila mimi ningekuwa na diploma.

Alikaa kitandani akavua viatu. Nilidhani anavivua ili alie vizuri.

"Sijalala tangu jana asubuhi," alisema. "Dakika kumi, maji yakishatokota. Kumi, si habari za nje. Mimi nalala."

Akageukia ukutani, na kabla sijaokota mfuniko alikuwa amelala.

Nilibaki na mayai matatu, yote ndani ya friji. Safari hii sikukimbia. Niliyatoa, nikakaa kwenye kiti, nikayashika viganjani, moja baada ya jingine, na moja nililitia kwapani, mpaka baridi ikatoka. Nilisugua sufuria kwa mchanga niliouomba bombani, na mke wa dereva alinipa bila neno, jambo lililoniumiza kuliko kama angesema. Nikachemsha maji. Nikaweka mayai kwa kijiko, taratibu, yasigongane. Nikabonyeza kipima muda, na zile sehemu za mia za sekunde, ambazo niliwaonyesha watu wengi sana bila kazi, zikaanza kukimbia. Sikuwasha redio. Nilikaa dakika kumi nikiangalia stovu na mgongo wa mtu aliyelala, na sikuondoka hata kufunga dirisha.

Alipoamka, mayai yalikuwa mezani kwenye bakuli la maji, na chai mpya, ya sukari ya mtu mmoja. Alimenya la kwanza polepole, akalikata kwa kisu, akalichungulia ndani kama anayesoma kipimajoto. Alilila. Akauliza chumvi iko wapi, akachovya, akamaliza. La pili akanipa mimi. Sikumbuki ladha yake.

La tatu hakulimenya. Alilipangusa, akalifunga kwenye leso yake.

"Hili nampelekea shangazi," alisema.

Nilichelewa kidogo kuelewa, na nilipoelewa nikafanya kile ambacho mtu wa elimu yangu angefanya. Nilipanda kwenye kiti, nikaitoa diploma msumarini, nikafuta kiini kwenye kioo kwa mkono wa shati, nikamnyooshea.

"Basi mpelekee na hii. Yenyewe, si nakala."

Akautazama ukuta nyuma yangu.

"Irudishe. Inaziba ufa."

Nikairudisha. Nilimsindikiza hadi getini, yeye akiwa ameshika leso kwa mikono miwili, asije akaliangusha yai. Bombani walikuwepo wote, kama kawaida. Mke wa dereva akamsalimia nesi kwa jina la sista, akamuuliza amebeba nini hivyo, naye akamjibu ni yai la shangazi. Limepikwa na nani? Nesi alinielekezea kidevu, akatoka.

Nilisimama pale nikiwa nimepaka masizi hadi kwenye viwiko. Mwanamke mmoja akaniuliza ni saa ngapi sasa. Nikatazama mkono wangu, nikampa ya Nairobi peke yake.